Mgonjwa wa Akili Apelekwe kwa Nani?

Mwaka jana baba mmoja wa makamo alifika katika ofisi ya gazeti hili, akaketi, akatoa mfukoni karatasi mbili, akazilaza mezani petu moja kando ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa cheti cha hospitali chenye majina ya dawa tatu na tarehe ya kurudi. Ya pili ilikuwa kadi nzuri ya mtu mwenye ofisi yake mjini, na mbele ya jina lake yameandikwa yale maandishi ya heshima, "Dk." Mwanawe wa kiume, kijana wa miaka 19, alikuwa ameugua akili alipokuwa kidato cha tano. "Padre," akasema, "hawa wote wawili ni madaktari. Huyu amempa mwanangu dawa, akasema asiziache. Huyu mwingine amezungumza naye mara sita, wala hakumpa hata kidonge kimoja. Nimwamini yupi?"

Tulimwuliza kama kijana angali akimeza zile dawa. Akainamisha kichwa. La, alikwisha kuziacha tangu mwezi uliotangulia. Alifikiri hivi: huyu wa pili hakutoa dawa, basi dawa hazikuwa na lazima, na tena kijana alionekana amepona, anakula, analala, anacheka na wadogo zake. Kwa yule wa pili hakuthubutu kuzitaja dawa za hospitali, asije akaona amedharauliwa. Siku tatu kabla ya kuja kwetu majirani walimkuta kijana usiku wa manane katikati ya barabara kuu ya malori, amevua shati, anawajibu watu ambao hakuna mwingine aliyewaona.

Wasomaji wapenzi, swali la baba huyu si swali la mjinga. Hata waliosoma hulikosa. Wengi wetu hudhani kwamba daktari wa magonjwa ya akili ni wa vichaa, na mwanasaikolojia ni wa watu wenye mawazo. Au kwamba mmoja ni mkubwa na mwingine ni msaidizi wake. Au kwamba ni kazi moja yenye majina mawili. Dhana hizo zote tatu si kweli, na ile ya kwanza ina hatari kuliko nyingine, kwa kuwa ndiyo inayomfanya mama ampeleke binti yake kwa mtu wa kuzungumza naye mwaka mzima, hali ugonjwa unaendelea kumla, kwa sababu tu hataki majirani waseme kwamba binti wa fulani ni wa Mirembe. Hospitali hiyo ya Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927, imewatibu watu wengi wakarudi makwao, wakalima na kulea watoto. Lakini sisi tumeligeuza jina lake kuwa tusi, kama wenzetu wa Kenya walivyolifanya jina la Mathari.

Tuanze na majina, maana ndiyo yanayotuchanganya. Wayunani wa kale walikuwa na neno psyche, maana yake nafsi. Mganga walimwita iatros, na elimu ya jambo lo lote waliiita logos. Mwaka 1808 daktari wa Ujerumani, Johann Christian Reil, aliunganisha neno la kwanza na la pili, akapata jina la uganga wa akili ambalo lugha za Ulaya hulitumia hata leo. La kwanza likiunganishwa na la tatu hupatikana saikolojia, yaani elimu ya nafsi. Basi tangu katika jina, mmoja ni mganga na mwingine ni mwanachuoni. Siku hizi wote wawili hutibu, lakini kila mmoja bado ana alama ya mlango alioingilia.

Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kwanza, wa akili baadaye. Hapa Tanzania kijana anayeitaka kazi hiyo husomea udaktari wa kawaida miaka 5, kisha hutumikia hospitalini mwaka 1 chini ya uangalizi kabla ya kuruhusiwa kusimama peke yake. Katika muda huo amezalisha, ameshona majeraha, ameona malaria, kifua kikuu na watoto wenye utapiamlo. Ndipo, akipenda, hurudi chuoni, kwa mfano Muhimbili, akasoma miaka 3 mingine ya ubingwa. Kwa hiyo anapomtazama mtu asemaye peke yake hayasikilizi maneno tu. Hutazama pia joto la mwili, mboni za macho, mwendo, damu na mkojo.

Mwanasaikolojia hakupita njia hiyo. Yeye husomea jinsi mtu anavyofikiri, anavyojifunza, anavyokumbuka, anavyoogopa, anavyokua tangu utoto hata uzee, na jinsi ya kuyapima mambo hayo. Shahada ya kwanza huchukua miaka 3, wala haitoshi peke yake kumpa mtu ustadi wa kutibu. Atakaye kuwahudumia wagonjwa huendelea na shahada ya pili katika saikolojia ya tiba, na humo huketishwa mbele ya wagonjwa huku mwalimu wake akimsimamia. Wengine huendelea hata shahada ya uzamivu, na hapo ndipo wapatapo lile "Dk." lililomchanganya mgeni wetu. Ni cheo halali kabisa, wamekitolea jasho. Lakini ni udaktari wa elimu, sawa na wa bingwa wa historia au wa kilimo. Mtu haandiki dawa kwa ajili ya cheo hicho. Huko Marekani jimbo la New Mexico lilipitisha sheria mwaka 2002, na Louisiana mwaka 2004, ya kuwaruhusu wanasaikolojia waliosoma masomo ya nyongeza waandike dawa za akili, na majimbo mengine machache yakafuata. Kwetu haiko hivyo. Mwanasaikolojia akimwandikia mgonjwa wako vidonge, ulizia vizuri.

Msomaji atauliza, kwa nini tujali mno mambo ya mwili, hali ugonjwa wenyewe ni wa akili? Twapenda kumjibu kwa kisa kimoja cha kweli.

Zamani, katika hospitali za vichaa za Ulaya, palikuwa na wagonjwa wengi ambao habari zao zilifanana. Mtu wa makamo, mwenye kazi na heshima zake, huanza kujisifu kwamba ana mali zisizohesabika. Hugawa fedha ovyo, hupoteza kumbukumbu, ulimi wake huwa mzito, miguu hulegea, na baada ya miaka michache hufa. Mwaka 1913 wataalamu wawili waliokuwa Marekani, Hideyo Noguchi na J. W. Moore, waliona vijidudu vya kaswende ndani ya bongo za marehemu wa namna hiyo. Kaswende ya ujanani, iliyokwisha kusahauliwa, ilikuwa imepanda ubongoni. Mwaka 1917 daktari wa akili wa Vienna, Julius Wagner-Jauregg, alithubutu jambo la ajabu: aliwaambukiza wagonjwa hao malaria kwa makusudi, ili homa kali ivishinde vijidudu, kisha akaikata malaria kwa kwinini. Sisi tunaoijua malaria kwa kulala nayo kitanda kimoja twatetemeka kusikia habari hiyo, na kweli walikuwako waliokufa kwa tiba yenyewe. Lakini wengine waliokuwa wakingoja kifo walirudi katika akili zao, na mwaka 1927 Wagner-Jauregg akapewa tuzo ya Nobel. Baadaye ilikuja penisilini, na ile tiba ya homa ikaachwa. Wala hayakuwako mazungumzo, hata yawe ya hekima namna gani, ambayo yangewaponya watu wale.

Mambo hayo si ya Vienna tu. Malaria ikipanda ubongoni, mtu huweweseka, hupigana, hatambui mama yake. Homa ya matumbo yaweza kufanya hivyo. Virusi vya UKIMWI, tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi, sukari ikishuka katika damu, pigo la kichwa baada ya ajali ya pikipiki, gongo, na hata kuacha gongo ghafula baada ya kuizoea, vyote vyaweza kumvika mtu vazi la kichaa. Mtoto anayeduwaa darasani mara nyingi kwa nukta chache, asisikie hata akiitwa kwa jina, mwalimu husema ni mvivu; pengine ana kifafa kisicho cha kuanguka. Hawa wote wakianzia kwa mtu wa mazungumzo, naye hana ujuzi wa kuushuku mwili, watapotezewa siku ambazo hawana za kupoteza. Ndiyo maana twasema waziwazi: mtu aliyebadilika ghafula, au asikiaye sauti, au aliyeshikwa na uadui usio na sababu juu ya watu wa nyumbani, au ambaye halali kabisa na bado ana nguvu nyingi, aonwe na mtu wa tiba kwanza. Na mwenye homa pamoja na kuweweseka asingoje hata kuche.

Lakini tusiende kombo upande wa pili tukadhani kila kitu ni damu na mkojo, na mwanasaikolojia ni mtu wa porojo.

Elimu yake ilianza na vipimo. Mwaka 1879 Wilhelm Wundt alifungua maabara ya saikolojia huko Leipzig, ambamo walipima, kwa mfano, muda upitao kati ya kusikia sauti na kubonyeza kitufe. Mwaka 1896 mwanafunzi wake Mmarekani, Lightner Witmer, alifungua kliniki ya kwanza ya saikolojia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mgonjwa wake wa kwanza hakuwa kichaa hata kidogo. Alikuwa mvulana mwenye akili nzuri aliyeshindwa kabisa kuandika maneno kwa herufi zake sawasawa, naye aliletwa na mwalimu wake. Witmer alimpima, akaona macho ya mtoto yana kasoro. Yakarekebishwa kwanza, kisha mtoto akafundishwa upya kwa subira. Twapenda sana kisa hiki, kwa kuwa katika siku ya kwanza kabisa ya kazi hiyo mwanasaikolojia alipaswa kuukumbuka mwili. Mwaka 1905 Alfred Binet na Théodore Simon wa Ufaransa walitoa kipimo cha akili cha watoto, ili wale wasioweza kufuata masomo ya kawaida watambuliwe na kusaidiwa. Hata leo, mtoto wako akishindwa kusoma, na daktari akiona macho, masikio na ubongo wake havina kasoro, anayefaa kumpima ni mwanasaikolojia. Kazi hiyo daktari wa akili hakufundishwa kwa kina namna hiyo.

Tena kuna tiba ya mazungumzo, ambayo wengi huidharau kwa kuwa hawajaiona. Huitwi ukahubiriwe, wala hupewi mashauri kama ya shangazi. Chukua mtu aliyenusurika katika ajali ya basi, akaona wenzake wanakufa. Miezi inapita, mwili umepona, lakini hawezi kupanda gari. Akisikia breki jasho linamtoka, na biashara yake ya mkoani imekufa. Kumwambia "jipe moyo" ni kazi bure. Mwanasaikolojia hupanga naye ngazi: wiki hii wasimame stendi tu, mpaka moyo utulie wenyewe, wiki ijayo aketi ndani ya basi lililozimwa, kisha safari ya kituo kimoja, kisha viwili. Kila mara anajifunza kwa mwili wake kwamba hofu hupanda, hufika kileleni, halafu hushuka bila ya yeye kukimbia. Au chukua mama aliyeshikwa na sonona, anayejiambia tangu asubuhi, "Mimi ni mzigo kwa watoto wangu." Mwanasaikolojia hambishii. Humwuliza ni nini kilichotokea hasa kabla ya wazo lile, humpa kazi ya kuandika nyumbani, na juma linalofuata huketi wakalipima wazo hilo pamoja, kama hakimu anavyopima ushahidi. Tiba hiyo ilibuniwa na Aaron Beck wa Philadelphia katika miaka ya 1960, na hapa yule anayependa mipaka iliyonyoka atashangaa, maana Beck alikuwa daktari wa magonjwa ya akili. Leo wanaoitoa kwa wingi ni wanasaikolojia.

Tukitaja mipaka, Dixon Chibanda, daktari wa akili wa Harare, aliguswa moyo na kifo cha mgonjwa wake, msichana aliyejiua. Familia yake haikuwa na nauli ya basi ya kumfikisha hospitalini. Mwaka 2006 alianza kuwafundisha bibi 14 wa mtaani kuketi juu ya benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu kwa utaratibu maalumu. Washona wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, ambalo halitofautiani na sisi tunaposema fulani "ana mawazo." Matokeo ya jaribio lao, lililofanywa katika zahanati za Harare kwa watu 573, yalitangazwa mwaka 2016: walioketi na bibi hao walikuwa wamepata nafuu kubwa kuliko wale waliopewa huduma ya kawaida. Basi mazungumzo yaliyopangwa vema ni tiba ya kweli. Lakini bibi hao walifundishwa pia kumtambua mgonjwa aliyewazidi, na kumpeleka mbele.

Dawa nazo zina tabia zake, na kwa kutozijua wengi huziacha. Kabla ya mwaka 1952, wakati Jean Delay na Pierre Deniker walipoanza kuwapa wagonjwa wa Paris dawa ya klopromazini, mtu mwenye kichaa kizito hakuwa na tegemeo kubwa ila ukuta na kufuli. Dawa za namna hiyo huzizima sauti na kutuliza hofu, lakini baadhi yake zaweza kukaza shingo, kutetemesha mikono, kumfanya mtu atembee kama wa mti. Jamaa wakiona hivyo hulia, "Wanamwua mtoto wetu!" nao hutupa vidonge. Laiti wangerudi hospitalini! Daktari anazo njia: hupunguza kipimo, hubadili dawa, au huongeza nyingine ya kulegeza ule ukakamavu. Dawa za sonona, kwa upande wake, hazifanyi kazi siku ile ile kama panadoli. Huchukua wiki 2 hata 4 kabla mgonjwa hajaanza kuona mwanga, na madhara madogo hutangulia mbele ya faida, ndiyo maana wengi huziacha siku ya kumi. Na wako wengine, hasa wajane na wazee, ambao hupewa vidonge vya usingizi kwa msiba, wakavimeza mwaka mzima, hali walichohitaji ni mtu wa kuwasikiliza wakilia. Kosa hilo ni la upande wa pili, nalo tumeliona zaidi ya mara moja.

Hapa hatuna budi kujitaja sisi wenyewe. Tulipokuwa seminari kuu tulisoma saikolojia kidogo ndani ya falsafa. Tulifaulu mtihani, tukafurahi. Masomo hayo hayakutufanya wanasaikolojia, kama vile mtu aliyesoma hesabu asivyokuwa fundi wa madaraja. Watu huja kwa padre kwanza kwa kuwa padre yuko karibu na hatoi ankara, nasi twawapokea kwa moyo. Lakini padre anayemwombea mgonjwa bila ya kuwauliza jamaa zake, "Je, amefika hospitali? Dawa anameza?" amefanya nusu ya kazi, na anayemwambia mgonjwa aache dawa kama alama ya imani anacheza na uhai wa mtu. Watu hutuuliza pia habari ya siri. Daktari na mwanasaikolojia wote wamefungwa na siri ya kazi yao, nayo ni siri nzito. Hata hivyo si kama siri ya maungamo, isiyofunguliwa kwa sababu yo yote. Mgonjwa akisema ana nia ya kujiua au kuua, hao watawaambia watu wawezao kumzuia, na ni wajibu wao.

Tunajua mwenye kutusoma huko Sumbawanga au Ngara anasema moyoni, "Haya yote ni mema, lakini hao wataalamu wako wapi?" Ana haki. Sensa ya mwaka 2022 ilitupa watu zaidi ya milioni 61, na mabingwa wa magonjwa ya akili ni wachache mno kwa umati huo. Wanasaikolojia wa tiba nao wengi wako mijini. Basi aanzie palipo karibu, yaani zahanati, kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Tabibu au muuguzi wa huko aweza kupima malaria, kaswende na sukari, aweza kuanza dawa za awali, naye ndiye mwenye kuandika rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa. Mgonjwa asiyekubali kwenda, naye ni hatari kwake mwenyewe au kwa wengine, asifungwe kamba kwenye mwembe. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeeleza njia ya kumfikisha hospitali bila ridhaa yake, na ustawi wa jamii au polisi waweza kuwaelekeza.

Na wale wanasaikolojia wa redioni na wa mitandao? Wako waliosoma kweli, nao hutufaa. Wako pia ambao shule yao ni ulimi. Neno "mshauri" hasa limekuwa pana, mtu aweza kulivaa baada ya semina ya siku tano. Huko Kenya ilitungwa sheria ya washauri na wanasaikolojia mwaka 2014 ili wasajiliwe. Po pote ulipo, hukatazwi kumwuliza mtu kwa adabu, "Ulisomea wapi, na nani alikusimamia ulipoanza kutibu?" Mwenye elimu ya kweli hatakasirika. Mwulize pia atafanya nini akiona ugonjwa umemzidi. Akijibu kwamba haujapata kumzidi hata mara moja, aga, uende zako.

Tumrudie mgeni wetu. Kwa ruhusa yake tulimpigia simu yule mwenye kadi, mbele yake. Mtu yule alishtuka. Alisema kwamba siku ya kwanza kabisa aliuliza kama kijana anatumia dawa yo yote, naye akajibiwa hapana. Baba alitazama sakafu. Jioni ile ile mwanasaikolojia aliandika barua kwa daktari wa hospitali, akaeleza aliyoyaona katika mazungumzo sita, na kesho yake baba na mwana waliipeleka kwa mikono yao. Daktari alimlaza kijana wiki tatu. Alipotoka, vidonge vilibadilishwa vikawa sindano moja ya kila mwezi, ili pasiwe na mabishano ya kila asubuhi.

Mazungumzo hayakukatwa. Mwanasaikolojia hajaribu kuzifukuza zile sauti, kazi hiyo ameiachia sindano. Amewafundisha watu wote wa nyumba ile kuzijua dalili za kwanza: kijana akikosa usingizi usiku wa pili mfululizo, au akianza kufunga madirisha mchana, wasingoje tarehe ya cheti. Amemsaidia pia kukubali kwamba hatarudi shuleni mwaka huu. Sasa anajifunza uchomeleaji wa vyuma kwa mjomba wake, naye amekwisha kutengeneza geti lake la kwanza, lililopinda kidogo.

Kila mwezi baba yake humsindikiza. Huchukua mfuko wa kitambaa, na ndani yake mna pakiti zote za dawa, hata zilizokwisha, kadi ya mwanasaikolojia, na chupa ya mizizi aliyopewa na shemeji yake. Daktari huzitoa moja moja, akaziweka mezani, akazisoma.